Kompyuta inaposema diski haina kitu

Maandishi ya mazungumzo kuhusu kompyuta na kumbukumbu za familia, yaliyotolewa kwa Kiswahili huko Qurum, mjini Muscat, Oman.



Mazungumzo yetu yanahusu sentensi moja ambayo wengi wenu mmekwisha kuiona kwenye kioo cha kompyuta. Umechomeka diski ya nje, ile unayohifadhia picha na sauti za wazee wako. Taa yake imewaka, na ukitega sikio unaisikia ikizunguka. Kisha Windows inakuandikia ya kwamba diski hiyo haina budi kufomatiwa kabla ya kutumika, na inakuuliza kwa adabu: je, unataka kuifomati?

Swali hilo, kwa maoni yangu, limeulizwa vibaya. Anayeulizwa hana habari za kutosha za kumwezesha kujibu, na anayeuliza hakueleza kile anachokijua. Kompyuta haikusema kwamba diski ni tupu, wala haikusema kwamba diski imeharibika. Tukiyafasiri maneno yake kwa uaminifu, inasema hivi tu: nimetazama mahali nilipoelekezwa, na sikuona alama ninayoijua. Baina ya maneno hayo na amri ya kufuta kila kitu pana masafa marefu. Nataka tuyapite masafa hayo polepole, kwa kuifuata diski moja ambayo nimepata kuichunguza hapa Qurum.

Maji ya mwaka 2007

Wasikilizaji wetu walioko Unguja, Mombasa na kwingineko huenda hawaijui Qurum, basi niwaeleze kidogo. Jina lenyewe, kwa Kiarabu, ni mikoko, na mikoko ingalipo mpaka leo katika hifadhi iliyo kando ya ufuo. Mkoko huota pale maji ya bara yanapokutana na maji ya bahari, na hapa ndipo Wadi Aday, bonde linaloteremka kutoka milimani, linapomwaga maji yake. Kwa siku nyingi za mwaka bonde hilo huwa kavu. Mwezi wa Juni 2007, kimbunga Gonu kilipoipiga Oman, halikuwa kavu. Maji yalijaa barabarani, yakaingia madukani na katika nyumba za chini, na Qurum ikawa miongoni mwa sehemu za Muscat zilizoumia zaidi.

Katika nyumba za Muscat wamo watu wengi wasemao Kiswahili. Baadhi yao ni wale walioondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964, au watoto na wajukuu wao. Wengi walifika Oman baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Waliohama kwa haraka hawakubeba mengi. Picha chache za studio, barua, cheti cha shule, baadaye kaseti alizorekodi bibi akisimulia habari za shamba na za mjini. Vitu hivyo huwekwa katika sanduku, na sanduku huwekwa chini ya kitanda. Gonu alipoingia, yaliyokuwa chini ya kitanda ndiyo yaliyotangulia kulowa.

Familia ninayoizungumzia, ambayo sitaitaja kwa jina, ilipoteza nusu ya albamu zake siku ile. Nusu iliyosalia waliikausha juani, na baadaye mjukuu mmoja akaanza kuiskani, picha baada ya picha. Kaseti nazo akazigeuza kuwa faili za sauti. Mwaka 2012 wakanunua diski ya nje yenye nafasi ya terabaiti 3 na kuhamishia humo kila kitu. Baadhi ya picha za asili, zilizokwisha kushambuliwa na ukungu, zilitupwa. Kwa hiyo diski ile haikuwa nakala ya kitu kilicho mahali pengine. Ilikuwa ndiyo kitu chenyewe.

Miaka ikapita. Tundu la waya kwenye kasha la diski likalegea, kisha likakatika kabisa. Kijana mmoja wa nyumba hiyo akafanya jambo ambalo mafundi wengi wangelifanya: akalifungua kasha, akaitoa diski, na kuitia katika kasha jipya lililonunuliwa dukani. Diski ikazunguka vizuri. Windows ikauliza lile swali lake.

Wakamwonyesha fundi wa kwanza, akasema diski imekufa. Wa pili akasema haikufa, ila ifomatiwe kwanza, kisha atatafuta programu ya kurudisha mafaili. Bibi wa nyumba, ambaye sauti ya mama yake imo ndani ya diski ile, akakataa. Akauliza swali ambalo mafundi wote wawili hawakuliuliza: "Kama imekufa, mbona inazunguka?"

Kompyuta inatambuaje

Ili kumjibu bibi huyo, yatupasa tujue kompyuta inafanya nini katika zile sekunde chache baada ya diski kuchomekwa.

Diski, kwa yenyewe, si kabati la mafaili. Ni safu moja ndefu ya visanduku vilivyopewa nambari kuanzia sifuri. Kila kisanduku huitwa sekta, na kwa desturi ya miaka mingi sekta moja huchukua baiti 512. Diski haijui picha ni nini, haijui folda, haijui jina la mtu. Inajua kutii agizo la namna hii: nipe kilichomo katika sekta nambari fulani. Mengine yote ni kazi ya mfumo endeshi, uwe Windows, Linux au ule wa Mac.

Kwanza, mfumo endeshi huiuliza diski mambo mawili: una sekta ngapi, na kila sekta ina baiti ngapi? Jibu la swali hili la pili watu hulipuuza. Tafadhalini lishikeni, maana tutalirudia.

Pili, husomwa sekta nambari sifuri. Humo, kwa mpango uliokuja na mfumo wa DOS 2.0 wa kompyuta za IBM mwaka 1983, mna jedwali dogo mno. Baiti 446 za mwanzo ni za programu ya kuwashia kompyuta. Zinafuata baiti 64 zilizogawanywa katika mistari minne ya baiti 16 kila mmoja. Baiti mbili za mwisho ni muhuri, nao kwa hesabu ya kumi na sita huandikwa 55 na AA. Ile mistari minne ndiyo inayotaja patisheni, yaani sehemu ambazo diski moja imegawanywa. Kila mstari hutaja aina ya patisheni, sekta inapoanzia, na idadi ya sekta zake. Hapo hamna jina wala maelezo. Ramani ya diski nzima huandikwa katika nafasi isiyotosha hata kuandikia anwani ya barua.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha habari, mfumo endeshi huenda mpaka pale ulipoambiwa patisheni inaanzia na kutafuta saini ya mfumo wa faili. Kila mfumo wa faili huweka saini yake mahali maalumu. NTFS, ambao ni wa Windows, huruka baiti tatu, kisha huandika herufi N, T, F na S zikifuatwa na nafasi nne tupu. Ndugu yake exFAT huandika jina lake mahali hapo hapo. FAT32 huliweka jina kwenye baiti ya 82. Mifumo ya ext, inayotumiwa sana na Linux, haiandiki jina. Huacha baiti 1024 za mwanzo, na ndani ya ukurasa unaofuata huweka alama ya baiti mbili tu, 53 na EF. APFS wa Apple huandika NXSB kuanzia baiti ya 32.

Saini ikionekana mahali pake, mfumo endeshi husoma maelezo yanayoifuata, na mafaili hutokea. Isipoonekana, Windows huiita patisheni hiyo RAW, yaani mbichi, na huuliza kama uifomati. Neno hilo "mbichi" limewapotosha watu wengi. Linadhaniwa kueleza hali ya diski, kumbe linaeleza mipaka ya maarifa ya msomaji.

Yafaa pia mjue kwamba ile nambari ya aina iliyomo katika jedwali si ushahidi wa kutegemewa. Nambari 7 hutumiwa na NTFS na exFAT kwa pamoja. Linux, kwa kawaida, haiijali sana nambari hiyo, hutazama saini. Windows huijali zaidi: patisheni yenye nambari 83 kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo ni ya Linux, haipewi hata herufi ya kuiitia. Kwa hiyo mashine mbili zaweza kuisoma diski ile ile na kutoa majibu mawili tofauti, na kila moja ikawa imefuata kanuni zake sawasawa.

Moja ya nane

Turudi kwenye diski yetu. Nilipoitazama katika kile kidirisha cha Windows cha kusimamia diski, niliona patisheni moja iliyoandikwa RAW, yenye ukubwa wa zaidi kidogo ya gigabaiti 349. Sehemu yote iliyobaki ilionyeshwa kuwa haijagawanywa.

Nambari hiyo ndiyo iliyosema kila kitu. Diski ya terabaiti 3, kwa namna Windows inavyohesabu, huonekana kuwa na gigabaiti 2,794. Gawanya 2,794 kwa nane, unapata 349 na ushei. Uharibifu wa sumaku hauharibu kwa hesabu kamili namna hiyo. Virusi havifanyi hivyo, na maji ya bahari hayafanyi hivyo. Palipo na nane kamili, pana mtu aliyepima kwa kipimo kimoja na mwingine aliyesoma kwa kipimo kingine.

Kipimo chenyewe ni sekta. Lile jedwali la mwaka 1983 limetenga biti 32 kwa kila nambari, na nambari kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 32 haifiki 4,294,967,296. Zidisha kwa baiti 512, unapata takriban terabaiti 2.2. Diski ya terabaiti 3 ina sekta 5,860,533,168 za baiti 512. Hazienei katika jedwali. Tiba rasmi ya tatizo hilo ni jedwali jipya liitwalo GPT, ambalo hutumia biti 64 na huweka nakala yake ya akiba mwishoni mwa diski. Lakini Windows XP ya biti 32, ambayo mwaka 2012 ilikuwa ingali majumbani na maofisini kote Ghuba na Afrika Mashariki, na ambayo Microsoft iliendelea kuihudumia hadi Aprili 2014, haikuweza kulisoma GPT.

Watengenezaji wa makasha ya diski wakabuni ujanja. Sakiti ndogo iliyomo katika kasha, baina ya diski na waya wa USB, iliiambia kompyuta kwamba kila sekta ina baiti 4,096 badala ya 512. Yaani ilivikusanya visanduku vinane na kuvihesabu kuwa kimoja. Sekta bilioni 5.86 zikageuka kuwa sekta 732,566,646, nambari inayoenea katika jedwali la zamani bila taabu. XP ikaridhika, mnunuzi akaridhika, na juu ya kasha hapakuandikwa neno lolote juu ya jambo hilo.

Sasa liondoe kasha lile. Kasha jipya halina ujanja huo. Linasema ukweli kwamba sekta ni baiti 512. Sekta sifuri ingali pale pale, na muhuri wake ungalipo, kwa hiyo jedwali linasomeka. Linasema patisheni inaanzia sekta ya 256. Katika kasha la kale, 256 mara 4,096 ni baiti 1,048,576 kutoka mwanzo wa diski. Hapo ndipo herufi za NTFS zilipoandikwa. Katika kasha jipya, 256 mara 512 ni baiti 131,072. Windows inakwenda hapo, ambapo hapajawahi kuandikwa kitu, inatazama, haioni saini, na inarudi na swali lake. Ni sawa na mtu aliyeambiwa nyumba iko hatua 256 kutoka msikitini, na aliyemwelekeza ni mrefu wa kupiga hatua za mita moja, naye akapima kwa upana wa kiganja.

Kuthibitisha dhana hii hakukuhitaji programu ya kununua. Katika kompyuta ya Linux, amri ya lsblk ilionyesha ukubwa wa diski na wa sekta. Kisha, kwa kusoma tu bila kuandika, nilizitazama baiti zinazoanzia 1,048,576. Baada ya baiti tatu, zikawapo: N, T, F, S. Hapo nikaweza kumwambia bibi wa nyumba kwamba alikuwa na haki ya kukataa.

Nakala kwanza

Niseme waziwazi kile ambacho kingetokea kama wangelikubali kufomati. Fomati ya haraka huandika saini mpya na orodha mpya ya mafaili pale Windows inapodhani patisheni imeanzia, na orodha hiyo ingeweza kuangukia juu ya orodha ya zamani au jirani yake. Baada ya hapo picha nyingi huenda zingelipatikana kwa programu za kuokolea, lakini bila majina, bila tarehe na bila folda. Picha elfu kadhaa za watu waliokwisha kufariki, zisizo na majina, zina thamani gani kwa mjukuu asiyewajua? Fomati kamili ni mbaya zaidi: tangu Windows Vista iliyotoka mwaka 2007, huandika sifuri katika patisheni nzima, na yaliyofunikwa kwa sifuri hayarudi.

Kwa hiyo tulianza na nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, katika diski kubwa zaidi. Programu ya ddrescue inafaa kwa kazi hii hata pale diski inapokuwa na majeraha, kwa sababu huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huandika kumbukumbu ya zilizokataa, kisha huzirudia baadaye. Kwa waya wa kasi, terabaiti 3 huchukua saa saba au nane. Kwa USB ya kizamani ni mchana na usiku. Diski ya asili ikawekwa kando.

Nakala ilipokamilika, tuliitumia programu iitwayo losetup, ambayo huifanya faili moja kubwa ionekane kwa Linux kana kwamba ni diski. Programu hiyo hukubali kuambiwa ukubwa wa sekta. Tukaiambia 4,096, na kwamba isiruhusu kuandika chochote. Mara hii jedwali lile lile, bila kubadilishwa hata baiti moja, likaelekeza mahali sahihi. Patisheni ikaonekana na ukubwa wake wote, amri ya blkid ikaitaja kuwa NTFS, na folda zikafunguka na majina yake: Kilimani, Pemba, Harusi, Kaseti za Bibi. Hakuna kilichokarabatiwa, kwa maana hapakuwa na kilichovunjika ila tundu la waya.

Sharti niongeze tahadhari moja. Yapo makasha ambayo sakiti yake hufanya zaidi ya kuhesabu sekta: hufunga kila kinachoandikwa kwa ufunguo wa siri, hata kama mwenyewe hukuweka nenosiri. Diski ikitolewa humo, hakuna saini itakayoonekana mahali popote, maana kila baiti imechanganywa. Katika hali hiyo lile kasha bovu, au sakiti yake, ndilo lenye thamani. Msilitupe kasha la zamani mpaka mmekwisha kuyafungua mafaili.

Sababu nyingine

Si kila diski iliyo "mbichi" ina habari ya moja ya nane. Sababu nyingine ni za kawaida zaidi, na baadhi hazihitaji fundi.

Iliyo nyingi kwetu sisi wenye jamaa waliotawanyika ni hii: binamu anakuja kutoka London na diski aliyoitayarisha kwa Mac. Mac tangu mwaka 2017 hutumia APFS, na Windows haiusomi mfumo huo. Diski ni nzima, mafaili ni mazima, lakini Windows ya Muscat inauliza kama iifomati. Irudisheni kwenye Mac. Kwa diski inayosafiri baina ya nyumba na nyumba, mfumo wa exFAT ndio unaofaa: Microsoft ilichapisha maelezo yake hadharani mwaka 2019, na tangu hapo Linux nayo inausoma moja kwa moja, Mac huusoma na kuuandika. FAT32 husomwa kila mahali, lakini faili moja haiwezi kufikia gigabaiti 4, na video ya harusi ya Kizanzibari, kama mnavyojua, haikubali kuwa fupi.

Nyingine ni diski iliyofungwa kwa BitLocker. Mahali ambapo pangelikuwa na jina la NTFS, huandikwa FVE-FS katikati ya vistari viwili. Windows iliyo na ufunguo huitambua. Mashine nyingine haitaona ila patisheni isiyofahamika. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 huwashwa ulinzi huu bila mwenyewe kujua, na ufunguo wa akiba huhifadhiwa katika akaunti yake ya Microsoft. Aliyefariki akaondoka na nenosiri la akaunti hiyo, amewaachia warithi diski nzima isiyofunguka. Hili nalitaja kwa sababu ndilo litakalotusumbua miaka ijayo, kuliko maji.

Kuna na kinyume cha saini kukosekana, yaani saini mbili. Diski iliyokuwa katika mashine ya kamera za ulinzi, kisha ikafomatiwa kwa haraka, yaweza kubaki na alama ya mfumo wa zamani mahali ambapo mfumo mpya haukuandika. Linux ikizikuta zote mbili, blkid hukataa kutaja yoyote, ikiogopa kukosea. Naiona kuwa tabia njema, ingawa humchosha mtumiaji. Amri ya wipefs, ikitumiwa bila chaguo lolote, huorodhesha saini zote na mahali zilipo. Lakini ikiongezewa chaguo huzifuta, basi mtu asikopi amri hiyo kutoka popote bila kuisoma.

Waliohamia Linux katika mashine zao za zamani baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Windows 10, mwezi Oktoba 2025, hukutana na jambo jingine: patisheni ya Windows inatambuliwa, inafunguka, lakini haikubali kuandikwa. Hapo utambuzi haukushindwa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kompyuta kwa kawaida ni kama kuilaza usingizi, na mfumo wa faili huachwa na alama kwamba kazi haijamalizika. Zima kipengele cha kuwasha haraka ndani ya Windows, kisha uizime upya.

Na ikiwa diski inagonga, inatoa mlio wa tik-tik, au ukubwa wake unaonyeshwa kuwa sifuri, tatizo limo katika hatua ya kwanza kabisa, kabla ya jedwali na saini. Chomoa. Kila dakika ya kuendelea kuizungusha yaweza kuzidisha majeraha, na programu ya aina yoyote haitasaidia.

Kwa hiyo anayekuja na diski yake kwa fundi na amwulize fundi huyo: imeshindikana katika hatua ipi? Kifaa hakijibu, jedwali halisomeki, au saini haikuonekana? Na kama saini haikuonekana, ulitazama wapi? Fundi asiyeweza kujibu asipewe ruhusa ya kufomati, hata akiwa jamaa.

Familia ile sasa ina diski mbili mpya, zote zenye jedwali la GPT na mfumo wa exFAT. Moja iko hapa Muscat, ghorofani. Ya pili imepelekwa kwa shangazi yao Unguja. Tulizijaribu katika Windows, Mac na Linux kabla ya kuaga, na tukasikiliza kaseti moja mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa jina la faili kuonekana si hoja kwamba faili inacheza. Diski ya asili haikufutwa. Imo ndani ya mfuko pamoja na kasha lake bovu, na kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake wameandika kwa wino: NTFS, haina nenosiri, sekta 4,096.